Kanzu Yako Anaivaa Meliyo

Sekei, Jumapili baada ya ibada, 1912

Ndugu yangu Lomayani,

Kanzu yako amepewa Meliyo, yule mgeni wa Maji ya Chai anayelala hapa misheni. Nilidhani wataiweka. Mwalimu alisema nguo ni mali ya shule, na asiye na kanzu haingii darasani. Ikafuliwa, ikaanikwa, Jumatatu ikaingia na mtu mwingine ndani yake. Akakaa kwenye benchi letu, mahali pako.

Niliitaka mimi. Niliijaribu, ikaishia magotini, mwalimu akacheka: "Hiyo miguu utaiweka wapi?" Nikaivua.

Unakumbuka siku yetu ya kwanza, tulivyokuja na ngozi za mbuzi, tumejipaka udongo mwekundu? Tulipelekwa mtoni kuoga, tukaambiwa tutoe mapambo masikioni. Ndewe, zile nyama za masikio zilizotobolewa, zikabaki zinaning'inia. Wewe ndiye uliyenikunjia zangu juu ya sikio ili wenzetu wasicheke. Za Meliyo zinaning'inia mpaka leo. Sikumwonyesha.

Kiraka nilichokushonea kwapani mwa kanzu bado kipo. Ulisema nimeshona kama mtu anayeziba zizi kwa miiba.

Kinachoniuma zaidi ni mama yako. Nilipita kwenu na Meliyo, akaiona kanzu kwa mbali, akaita, "Lomayani, unapita bila kunywa maziwa?" Halafu akaona si wewe. Tulipofika alimtazama Meliyo sana, akampa kibuyu chako. Mimi nilipewa kikombe. Sasa kila Meliyo akipita anaitwa, "Mwanangu, njoo." Mimi niliyekua kwenye uwanja wenu sijaitwa hivyo hata mara moja.

Jana kiraka kilifumuka. Meliyo akaniletea sindano, maana kesho nguo zinakaguliwa, na mwenye nguo iliyochanika anarudishwa kwao. Nilitaka kumwambia ashone mwenyewe. Kisha nikamfikiria mama yako amekaa mlangoni, na kanzu haipiti.

Nikashona. Miiba ile ile, ungecheka. Nilipomaliza nikamwambia asogee, nikamkunjia ndewe zake. Akasema, "Asante, kaka." Nikamrudishia sindano.

Pumzika kwa amani, Lomayani. Nitaishona kila itakapofumuka, maadamu inapita mbele ya mama. Nimempa Meliyo benchi, na kibuyu sikuweza kumnyima. Lakini huko uliko, ukitukumbuka, anza na mimi.

Rafiki yako,
Saitoti