Niulize Kama Wengine

Mwende mjukuu wangu,

Kanyangi tuko salama, na pojo zimeanza kuchanua. Kanisani nimemwambia kila mtu kwamba umeacha uhandisi ukarudi chuoni kusomea saikolojia. Hata mchungaji amechoka kunisikia.

Unauliza ufanye nini, kwa kuwa mhadhiri anaheshimu umri wako na hakuulizi maswali. Mimi niliporudi shule kule Matiliku, tayari mama wa watoto wawili, mwalimu wa hesabu alikuwa amemwoa binti wa dada yangu mkubwa. Kwa desturi yetu nilikuwa mama mkwe wake, hivyo hakuthubutu kunitazama usoni. Alifundisha akiangalia dirisha. Mtihani ulikaribia, na mimi sikuelewa kitu. Jumanne moja nikasimama.

"Mwalimu, mama mkwe wako yuko nyumbani. Mimi niulize kama wengine."

Akaniuliza, jasho likimtoka. Nikakosea vibaya sana. Darasa zima likacheka, naye akacheka, kisha akaniita ubaoni anionyeshe.

Mwambie mhadhiri wako akuulize, mama.

Jumanne ile niliandika katika shajara yangu: "Leo nimeanza shule."

Nyanya yako anayejivunia wewe,
Susu