Beringi ya Ishirini na Tano

Chanji, Sumbawanga

Shemeji yangu Benjamini,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku baridi imekaza, lakini tu wazima. Kaka yako Oswaldi sasa anakaa kitini mwenyewe, ingawa kauli haijarudi tangu alipopooza.

Ulisema utaleta mnunuzi wa vifaa vya karakana, kwa kuwa hesabu zote zilikuwa kichwani mwa Oswaldi. Subiri kwanza. Mzee Shija wa Laela aliagiza mikokoteni sita ya ng'ombe kabla ya mavuno. Akaniambia, "Mama, ukichelewa naenda Tunduma."

Nikapanga kama tunavyopanga chakula cha jumuiya: nilianza na siku ya kula, nikarudi nyuma. Mbao hukauka wiki sita, nikazinunua mapema. Beringi za magurudumu hutoka Mbeya kwa wiki mbili, na kila mkokoteni unakula nne. Nikaandika ishirini na nne.

Nilipomsomea Oswaldi orodha, alitikisa kichwa, akainua kidole kimoja. "Niongeze moja?" Akafumba macho, ndiyo yake ya siku hizi. Niliona ni kupoteza tu, ila nikatii.

Siku ya mwisho fundi Obed aligonga beringi kwa nguvu, ikapasuka. Tukachukua ile ya ishirini na tano. Shija ameondoka na mikokoteni yote sita, na ameagiza mingine kumi.

Kwa hiyo mnunuzi usimlete, shemeji. Hesabu bado zimo kichwani mwa kaka yako. Mimi naziandika tu.

Bikira Maria akutunze,
Cornelia