Karatasi Juu ya Ufa

Garsen, Alhamisi

Dada Kanze,

Mbuzi wako amezaa mapacha. Mama hajambo, ila chai yake humwagika kila mashine inapogongomea nguzo za daraja jipya ardhini.

Mhandisi aliuona ufa ukutani kwa Mama akasema ni wa zamani. Nikamuuliza, "Ufa ulikuwa unakungoja wewe ufike ndipo uonekane?" Palepale nikabandika karatasi yenye tarehe juu ya ufa, ionyeshe kama bado unapanuka. Leo, siku ya tatu, imechanika katikati. Nimeshinda, dada, na natamani ningeshindwa.

Maana ni mimi niliyemkataza Mama kuhama. Nilimwambia wajenzi wa daraja wakikuta nyumba tupu watasema hakuna aliyedhurika. Sasa namsihi atoke, ananijibu, "Menza, si ulisema nikitoka tumeshindwa? Sikuaibishi, mwanangu." Kitanda chake kimeegemea ukuta huohuo.

Anamtii Menza wa juzi; wa leo hamsikii. Mimi nisiyesamehe uongo wa mtu nakuomba uongo mmoja, kwa barua ili Mama asinisikie: ukiipata barua hii mpigie simu, sema unaumwa, aje kwako Malindi. Jumatatu wanaanza nguzo iliyo karibu zaidi nasi.

Mdogo wako mbishi,
Menza