Ndoo Uliyoiacha Juu

Kwako Papa Aline, bwana wangu,

Nakuandikia nimekaa kwenye kigoda chako, kile ulichokataza muntu mwingine asikikalie. Leo nimekikalia na hakuna wa kuniinua. Kucha zangu zina mafuta meusi yaliyokataa sabuni mara tatu, na ungeniona ungecheka mpaka ukohoe, maana wewe ndiye uliyekuwa ukinitania kwamba mkono wangu ni wa kalamu na mwiko. Nina habari za trekta. Nitakueleza zote, hata mahali nilipokosa, kwa hiyo usinikate maneno katikati kama ulivyozoea.

Trekta ndogo ya ushirika bado inalala hapa uani kwetu Gikundamvura. Nusura ihame. Wanachama walitaka kuipeleka kwa fundi mwingine huko Kamembe, na kilichoniuma zaidi ni sababu waliyoitoa: kwamba wewe, uliyeitunza miaka yote hiyo, uliiharibu kwa uzembe kisha ukafa. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Lakini acha nianze mbali kidogo. Nimekukumbuka na sina haraka.

Unakikumbuka kitabu? Trekta ilikuja na kitabu kinene cha Kifaransa. Ulikipokea mbele ya watu wote kwa mikono miwili, ukakifungua, ukatikisa kichwa kama daktari. Ulipofika nyumbani ukanipa mimi. "Maman Aline, wewe njo ulisoma. Nisomee." Ulikuwa umetoka Bukavu na mikono inayojua kila injini na shule ya darasa la tano. Basi kila Jumapili tukitoka kanisani nilikusomea, nageuza Kifaransa kuwa Kiswahili chetu, na wewe umefumba macho, unafuata bomba kwa kidole hewani. "Rudia hapo. Polepole." Ndivyo nilivyojifunza bila kujua kwamba najifunza. Nikajua mafuta yanatoka wapi, yanachujwa kwenye filta, yanasukumwa na pampu, yanaingia kwenye verini, zile bomba mbili za mbele zenye fimbo ya chuma inayong'aa. Fimbo hizo ndizo zinazoinua ndoo kubwa tunayobebea udongo wa kuziba matuta ya mpunga huko bondeni.

Na lile shati jeupe je? Nilikuwa nimekusomea kwamba raba ya verini, ile inayozuia mafuta yasitoke, ina mdomo, na mdomo huo lazima utazame upande wa mafuta. Ukasema hilo unalijua. Ulikuwa bado na nguo za kanisa. "Naangalia tu, sigusi." Ukagusa. Ukaiingiza raba kinyume, ukawasha, ukainua ndoo, mafuta yakakurukia kuanzia kola mpaka mkanda. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye majani ya migomba. Ulinuna kidogo, halafu ukasema, "Bon, kitabu kiko na haki." Nililifua shati lile wiki nzima na doa halikutoka. Sasa nashukuru halikutoka.

Mara moja tu maishani ulinipandishia sauti. Niliona mpira unaopitisha mafuta umelowa, nikapeleka kidole kutafuta tundu huku injini inanguruma. Ukanifokea, ukanipiga kofi mkononi. Nikaenda jikoni nikakununia mpaka jioni, na wewe ukaja na kipande cha karton ya biskuti, ukasimama mlangoni kama mgeni. "Mafuta ile inatoboaka ngozi, Maman Aline. Unaona katundu kadogo, kumbe inaingia mpaka kwenye damu, banakukata mukono. Tafuta na karton, usitafute na kidole. Mukono wako mi niliuoa." Ni maneno gani hayo ya kumwambia mwanamke aliyenuna? Nikakupakulia chakula.

Sheria yako kubwa ilikuwa moja, na Gikundamvura nzima waliijua: kabla hujaondoka, ndoo chini. Muntu anaendaka kulala, ulisema, na ndoo nayo ilale. Ikikaa juu, fimbo zinabaki nje, zinanyeshewa. Haikuwahi kulala juu hata mara moja, ila siku ile.

Siku ile uliiinua, ukaiwekea nguzo ili upake grisi kwenye pini za chini. Nikakuona unatoka pale umeinama, umeshika tumbo. Nilipouliza ukasema ni kitu kidogo tu. Kabla jua halijazama tulikuwa tayari kwenye gari la kwenda hospitali. Ulikaa huko siku nne na hukurudi.

Watu walikuja kulia nasi. Viateur, shoferi wa trekta, unajua alivyo na adabu, alitaka kuishusha ndoo ili wageni wapate pa kukaa. Nikamfokea mbele ya wote. "Hakuna wa kuigusa. Aliiacha hivyo." Ikiriyo, zile siku za matanga, ikaisha, tukaondoa kilio kama desturi, watu wakarudi kushika majembe, na mimi nikaendelea kukataa. Walidhani ni heshima yako ninayoitunza, wakaniacha, maana huku kwetu nani atabishana na mjane aliyetoka kuzika? Mvua ikanyesha miezi miwili na zaidi. Kila asubuhi nilifungua mlango wa jiko nikaiona ndoo iko juu, kopo la grisi liko wazi, spana yako iko pale pale kwenye tope la gurudumu, na moyo ukatulia, kwa sababu kulikuwa na kazi yako ambayo haijaisha. Wala sikuwa mjinga. Nilijua chuma kitaota kutu. Ukurasa unaosema hivyo nilikusomea mimi mwenyewe.

Msimu wa kutengeneza mashamba ulipofika, Viateur akaja na barua ya ushirika, nikampisha. Akawasha, akaondoa nguzo, akashusha. Fimbo ya kushoto, ile inayopigwa na mvua ya upande wa Kongo, ikaingia ndani na kutu yake yote, ikaichana raba. Mafuta yakatapakaa uani. Akijaribu kuinua, ndoo inafika nusu, inasita, inashuka yenyewe.

Ndipo ukaitishwa mkutano. "Fundi mzima anaacha ndoo juu," akasema mmoja wa nyuma. Mwingine akasema marehemu hasemwi, lakini kwa kweli alikosa. Wote wakawa wanatikisa vichwa kwa huruma, na huruma ile ilinikera kuliko matusi. Ningeweza kunyamaza. Ningepewa pole, trekta ingeondoka, na jina lako lingebaki na doa milele. Nikasimama.

"Yeye aliiacha juu jioni moja, kwa sababu alikuwa anakufa," nikawaambia. "Mimi niliiacha juu miezi miwili. Nilijua itaota kutu. Niliona kwamba ndoo ile ikishuka, basi mume wangu amekufa kweli. Kosa ni langu. Yeye mumwache."

Viateur aliangalia viatu vyake. Mzee Prezida wa ushirika, unamjua alivyo mchache wa maneno, akaniuliza swali moja tu: kama najua kuitengeneza. Nikasema najua. Hapo baadhi yao walicheka, maana hawakujua habari za Jumapili zetu, na sikuwaambia. Leo naziandika waziwazi, utanisamehe. Mzee Prezida hakucheka. "Basi tengeneza. Ikibeba udongo toka asubuhi mpaka saa sita bila kushuka, inabaki kwako. Ikishuka, inaenda Kamembe."

Nilianza kama ulivyokuwa ukianza. Ndoo chini, injini imezimwa, nikauchezesha wenzo wa kuinulia ndoo mbele na nyuma mpaka nguvu yote ikaisha kwenye mipira. Viateur alinishikia verini nikaifungua. Nilisugua fimbo kwa msasa laini na mafuta siku mbili, napitisha ukucha kila mara, kwa sababu panapokwama ukucha ndipo raba itakapochanika. Kutu nyingi ilikuwa ya juujuu, ikatoka. Vidoa viwili vilikuwa vimekula chuma, vikakataa.

Nikaifunga fimbo kwenye kitambaa, na raba ya zamani ndani ya mkoba, nikapanda gari mpaka Kamembe, nikavuka mpaka wa Kongo kwenda kwa yule rafiki yako wa Bukavu anayechonga vyuma. Aliniona mlangoni akaangalia nyuma yangu. "Mzee iko wapi?" Nikamwambia. Akazima mashine, akanawa mikono, akaniletea soda na kiti. Baadaye akavijaza vile vidoa, akasugua mpaka ukucha wangu ukateleza mwanzo hadi mwisho. Raba mpya alinipa mwenyewe, akaniuliza kama najua upande wa kuiingizia. Nikamjibu kwamba nyumbani kuna shati linalojua. Alicheka huku anafuta macho. Alikuwa ameisikia hadithi hiyo kutoka kwako, kumbe uliisambaza mpaka ng'ambo.

Niliporudi nilimwaga mafuta yote ya zamani, nikaosha tangi, nikabadilisha filta. Niliingiza raba, nikatoa, nikaangalia mdomo, nikaingiza tena. Viateur akasema, "Maman, iko sawa." Nikamwambia anyamaze. Tukainua na kushusha ndoo tupu, polepole, mara nyingi, mpaka hewa ikatoka na ikaacha kutetemeka. Nikapitisha karton kwenye kila mpira. Ilibaki kavu.

Siku ya jaribio wanachama walifika mapema kuliko wanavyofika mikutanoni. Tulijaza ndoo udongo mbichi, Viateur akaiinua, akazima injini, akasimamisha mti pembeni na kuuchora mstari wa mkaa usawa wa mdomo wa ndoo. Kisha tukangoja. Mimi nilichukua ungo nikawa nachambua maharage ili mikono ipate kazi, na kwa kweli yale maharage niliyachanganya na mawe yake, tuliyala hivyo hivyo. Kwenye saa tano niliona kama imeshuka. Nikataka kuinuka, nikajizuia. Saa sita Mzee Prezida akainama penye mstari, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena. "Haijashuka," akasema. Akachukua bakora yake akaenda kula.

Walipokwisha kuondoka wote nikabaki peke yangu na ile ndoo juu. Nilipanda kwenye kiti cha trekta, nikawasha, nikamwaga udongo, nikaikalisha ndoo sawa, kisha nikashika wenzo wa kuishusha. Nililia, Papa Aline. Nililia kwa sauti, mpaka jirani akachungulia, nikamwambia arudi kwake. Halafu nikaishusha. Ilishuka vizuri, bila kelele, ikagusa chini. Nilikuwa nimeogopa kitu hicho miezi yote, na kilipopita niliona njaa tu, nikaingia ndani nikala, nikalala mpaka asubuhi, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu uende.

Asubuhi hii nilikuwa nafagia uani, nimewapa mgongo waliokuja kuichukua trekta. Viateur akaita, "Fundi, leo tunaanza shamba ya nani?" Nikageuka haraka kukutafuta. Hukuwepo, na wote walikuwa wananitazama mimi, wanangoja jibu. Nikaweka ufagio chini nikawajibu.

Pumzika, bwana wangu. Nakupenda, na kazi inaendelea.

Mkeo,
Maman Aline