Umeme wa Baba Mdogo Amoni

Isansa, Mbozi,
Jumapili, 9 Februari 1958

Mpendwa Baba Mdogo Amoni,

Shikamoo. Leo nitakueleza yote, hata yale yanayonitia aibu. Sisi tu wazima. Bibi anakohoa kidogo tu, na mibuni imepata mvua ya kutosha. Nawe hujambo huko Kariba? Joto halijakushinda?

Barua yako ilifika. Bibi aliniagiza niisome mbele ya wageni, akiwemo Mzee Osea, baba wa mchumba wako Leah. Nilisoma kwa sauti, nikitua penye kila nukta kama tulivyofundishwa: "Tunaziba mto mkubwa, ili maji yatengeneze umeme, tuupeleke mbali mpaka kwenye migodi ya shaba."

Wageni wakaaga upesi. Kumbe wote walidhani ni umeme wa mawinguni! Siku ya nne radi ikaua dume la ng'ombe la Mzee Anania kule Itaka.

Mzee Osea alikuja asubuhi yake, hata kiti akakataa, akamwambia Bibi: "Ketrina, mwanao ameanza kuutuma! Binti yangu simwozi kwa mtu wa radi."

Bibi akamjibu, "Mwanangu hata barua hutuma mara moja kwa mwaka. Radi ataituma saa ngapi?"

Nililia, maana msomaji ni mimi. Mwalimu Enoka akanihurumia. Akaipindua baiskeli yake uani kwetu, magurudumu juu, akamwambia Mzee Osea azungushe pedali. Taa ikawaka! "Huo ndio umeme wa Amoni," Mwalimu akasema. "Kule maji ndiyo yatakayozungusha, nao utapita kwenye waya mpaka migodini."

Mzee Osea alizungusha mpaka jasho likamtoka, akakataa kumpisha mtu. Leo baada ya ibada alikuwa akijisifu kwamba naye hutengeneza umeme.

Lakini limebaki neno moja. "Wa baiskeli haungurumi," anasema. "Amoni aandike kwa mkono wake kwamba hata wa Kariba haungurumi, ndipo tuzungumze habari ya harusi." Leah ameniahidi kuwa mimi ndiye nitakayemsindikiza kanisani, na gauni langu limekwisha kupimwa.

Bibi, Leah na Mwalimu Enoka wanakusalimu sana. Mungu akulinde na maji hayo.

Mimi mwanao nikupendaye,
Tabita

Nyongeza: Mwalimu ameniambia pembeni kwamba mitambo mikubwa hupiga kelele nyingi. Kwa hiyo, Baba Mdogo, fikiri vizuri kwanza, kisha unijibu kwa posta ya kwanza: umeme wenu unanguruma?