Pale Palipotulia

Mjukuu wangu Neema,

Huku Bunju sote wazima, ila mama yako anakohoa kidogo. Unauliza kama pale palipotulia katikati ya mawimbi panafaa kuogelea. Nani kakwambia panafaa?

Nilipokuwa msichana, mgeni kutoka bara, nilienda na wenzangu Mbezi Beach tukaingia mahali kama hapo. Mama muuza mihogo akapiga kelele, "Nyie, ogeni huku kwenye mawimbi!" Nikasema anatafuta wateja tu huyu. Mara ndala yangu ikanivuka, ikaelea kwenda baharini, na upepo unavuma kuja kwetu. Kumbe maji yote ya mawimbi yanarudi baharini kwa kupitia hapo! Tulitoka mbio.

Huyo mshauri wako, mwambie kwanza atupe ndala yake hapo.

Bibi yako