Ufito wa Tano

Jumatatu, 4 Machi 2019

Nyuzi zote zimefungwa! Tisini. Nimekata mbili tu, na ncha za vidole vyangu zina vitobo kama za mshonaji.

Kinanda hiki nimekijenga mwenyewe, tangu ubao wa kwanza hadi uzi wa mwisho. Miaka kumi na tisa katika karakana ya bosi wangu Gommaar hapa Antwerpen, nimeranda na kugundisha vinanda vingi, na kila kimoja kimetoka na herufi zake, G.V. Zinakaa katikati ya ua la madini ya risasi lililopakwa dhahabu, linaloziba tundu la ubao wa sauti, ule mwembamba ulio chini ya nyuzi. Ndivyo walivyofanya mafundi wa zamani wa mji huu: ua ndilo sahihi. Sasa tundu la kinanda changu liko wazi, na mimi nataka liingie ua lenye L.H. Basi, nimeandika. Sijawahi kumwambia mtu.

Nilimuuliza bosi, nikijifanya sijali, ua litaingia lini. Akasema tungoje Bi. Roelants aje Ijumaa ya wiki ijayo, akipige kwanza. Yeye ndiye mwenye oda — mpiga kinanda wa mji wa Mechelen, masikio yake yanaogopwa. Tena aliagiza kinanda cha Gommaar, akanikumbusha, si cha Lieve. Hakusema kwa ubaya. Iliniuma vilevile.

Jumanne, 5 Machi

Dimfna, dada yake bosi, alipita kuitazama michoro aliyoipaka kwenye ubao wa sauti mwezi wa kwanza. Tulipi, kipepeo, nzi, na kamba mkubwa wa baharini, mwekundu. Nikamuuliza kamba anatafuta nini bustanini. Akasema wazee walichora kamba, naye anachora kamba, kama walikuwa na njaa hayamhusu.

Jumatano, 6 Machi

Jumatano ya Majivu. Bosi alitoka kanisani na jivu kwenye paji la uso, akaegemea benchi, sasa ana jivu na vumbi la mbao. Sikumwambia.

Nimemaliza kuchonga manyoya ya kunguru. Ukibonyeza kitufe, kijiti kinapanda na unyoya wake unaudonoa uzi — basi leo nimebonyeza! Sauti nzito zimenitoa machozi. Kweli, machozi, mwanamke wa miaka arobaini na sita.

Kisha nikapanda juu. Sauti nyembamba zimekufa. Ni kama kugonga meza. Bosi akasema manyoya yamezidi ugumu, niyapunguze. Nimeyapunguza hadi jioni. Bado meza.

Alhamisi, 7 Machi

Si manyoya. Si nyuzi. Nimebadilisha vyote. Bosi anazunguka kinanda mikono nyuma, anaguna. Siku nane zimebaki.

Baadaye — Mungu wangu! Nimetoa ramani ya kinanda cha 1644 ninachokinakili. Niliichora mwenyewe, siku tatu chali sakafuni pa makumbusho, tochi mdomoni. Chini ya ubao wa sauti nilichora fito tano. Leo nimezitazama picha nilizopiga huko kwa kioo cha kukuzia. Fito nne ni za msonobari, zimekatwa kwa mkono. Ya tano ni ya mti mwingine, na alama za msumeno wake ni za mashine! Mwaka 1644 mashine hiyo ilikuwa wapi? Kuna fundi aliyekuja miaka mia mbili baadaye, akakuta ubao una ufa, akaubandika ufito wa kuushikilia.

Nimenakili kiraka! Kwa uaminifu wote, kwa vipimo vya nusu milimita, nimenakili kiraka — na kiraka kimezikaba sauti nyembamba. Mwenye kushonewa suruali kwa kielelezo chenye kiraka gotini anielewe.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwonyesha bosi picha. Akavaa miwani. Akaivua. Akaivaa tena.

"Ramani hii," akasema, "si ndiyo niliyotumia kwa kile cha Leuven?"

"Ndiyo, bosi. Na cha Brugge."

"Nao wananisifu kwa sauti ya upole!"

Nilidhani atakasirika. Akaanza kucheka. Alicheka hadi akakohoa, akakaa juu ya maranda, akasema vinanda viwili vinatembea duniani vimevaa kiraka cha mtu na herufi zake G.V. juu yake. Mimi nikacheka kwa woga, kisha kwa kweli.

Akasema njia ni moja tu: kupitia tundu la ua, kuingiza mkono chini ya ubao na kuubandua ufito. Akaweka kiganja chake juu ya tundu. Ni kama kuingiza mkate mzima kwenye kikombe. Akautazama mkono wangu.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelegeza nyuzi zote. Nimejipaka sabuni hadi kiwiko, kama anayevaa bangili ya mtoto. Kidole gumba ndicho kilichogoma. Kikapita — na ngozi kidogo ikabaki ukingoni, na rangi ya Dimfna ikachubuka.

Ubao wenyewe una unene wa milimita tatu. Nikivuta vibaya, napasua tulipi, kipepeo, na miezi saba ya kazi. Dimfna aliniazima kisu chake cha kuchanganyia rangi, akakipasha katika maji ya moto, akanipa, akapokea kilichopoa, akanipa tena. Gundi ya ngozi inalainika polepole mno. Bosi alikaa chini ya kinanda na tochi, ingawa hakuna alichoweza kuona. Kila dakika anauliza, "Vipi?" Dimfna akamwambia afunge mdomo, huyu mwanamke hazalishi ng'ombe.

Saa tatu na nusu nzima. Kisha tik! Nikadhani ubao. Nikaganda. Bosi naye kaganda. Ni ufito! Umeachia wote, mzima, kama kijiti cha aiskrimu. Tulipiga kelele hadi mwoka mikate wa jirani akaja na unga mikononi kuuliza nani kafa.

Jumapili, 10 Machi

Ubao unakauka. Mkono umevimba. Nimekula keki tatu.

Jumanne, 12 Machi

Nyuzi zimekazwa. Nimebonyeza ile sauti ya juu kabisa, mara moja tu.

Inaimba! Inaimba, inaimba! Imetoka hadi mlangoni na kurudi. Bosi alikuwa ananoa patasi. Akaacha. Alikuja, akabonyeza ileile, akaenda zake kusafisha pua.

Ijumaa, 15 Machi

Saa nne na nusu. Naandikia jikoni, kwenye kaunta, haraka.

Bosi hajawahi kumwacha mteja akipige kinanda kwa mara ya kwanza bila yeye kuketi pembeni. Leo, dakika tano kabla, akavaa koti, akamfunga mbwa wake kamba. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema mbwa ana haja, na mgeni wa kinanda ulichokijenga umpokee wewe. Akatoka.

Bi. Roelants amepiga dakika arobaini. Hajavua skafu. Mara ya kwanza alipofika sauti za juu alifumba macho. Kisha akaacha, akainama kwenye tundu.

"Herufi za nani zitakaa hapa?"

Nikasema — mjinga mimi — Gommaar atarudi, atamweleza.

Akapitisha kidole ukingoni, penye rangi iliyochubuka. "Kuna mtu ameingiza mkono humu. Nami nimeshapeana mkono na Gommaar. Wake haupiti."

Nikasema naleta kahawa. Nikakimbia.

Dirishani namwona bosi. Hajaenda popote! Yuko ng'ambo ya barabara, mvuani, mbwa kalowa, shingo kaielekeza upande wetu. Ameniona. Anapunga mikono yote miwili kama anayefukuza kuku: ingia, ingia ndani!

Kahawa inafurika. Bi. Roelants ananiita — kwa jina langu lote, la kwanza na la ukoo, L na H.